Kona ya Bendera

Vredelust, Pwani ya Mashariki
4 Oktoba 1993

Baba Oma,

Wamekuja! Miaka yote ile tuliyoshinda kwenye korido za halmashauri tukiambiwa njoo kesho, leo asubuhi katapila la njano limeingia mtaa wa nyuma, na kitu cha kwanza lilichokivunja ni kidaraja cha jirani yetu Anti Ismay. Anti katoka na gauni la kulalia, mkono kiunoni: "Wewe kijana, Jumapili nitavukaje kwenda kanisani, nipae?" Dereva kacheka mpaka injini ikamzimikia.

Ni mtaro wa zege, mume wangu. Unaanzia mashamba ya mpunga, unapita nyuma ya nyumba zetu, unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye lango la koker pale ukutani mwa bahari. Bahari ikipwa mzee Hoyte anainua lango, mvua yote inatoka. Wanasema ukikamilika hatutapandisha tena vitu vya chini juu ya matofali kila Desemba. Sitaki kuamini haraka, lakini moyo umeshaamini bila kuniuliza.

Sasa kuna jambo. Mstari wa chokaa walioupiga unapita pembeni mwa kiwanja chetu, katikati kabisa ya bendera za ibada za marehemu baba mkwe. Nikawaambia hapo hapana. Msimamizi akanionyesha ramani: kipande kile si chetu, ni akiba ya mtaro tangu enzi za miwa, sisi tumekipanda bamia tu. Katapila litatufikia mwezi ujao. Sema neno, maana hizi ni bendera za baba yako, siwezi kuamua mimi.

Mai anakusalimu. Anasema mwanawe asisahau kuvaa soksi, huko porini wadudu huanzia miguuni.

Mama Oma


Kambi ya dhahabu, Mto Puruni
19 Oktoba 1993

Mama Oma,

Barua yako ilishuka kwenye ndege ya vyakula ikiwa imelowa chapachapa, nimeianika kwenye kamba pamoja na suruali. Mtaro umenifurahisha. Bendera hazijanifurahisha.

Nilipokuwa na umri wa Oma niliugua homa, daktari akamwambia baba anirudishe nikafie kwetu. Baba akamwita pandit aje kuongoza ibada, akakaa kwenye puja, Mai ubavuni pake, wakasimika mwanzi wa kwanza wenye bendera nyekundu ya mungu Hanuman. Nikapona. Kila mwaka baada ya hapo akasimika mwingine. Wa mwisho aliusimika akiwa hana nguvu hata ya kuufumbatia, Mai ndiye aliyemshikia. Wewe umezaliwa katika haya haya, unajua: bendera ya jhandi haing'olewi. Huachwa ioze, ianguke yenyewe.

Wiki jana boti yetu ilipinduka kwenye maporomoko. Orin, yule mcheshi niliyekuandikia habari zake, mpaka leo hajaonekana. Mimi nilinasa kwenye mzizi. Nikiwa pale nimeukumbatia ule mzizi, maji yananivuta miguu, nilikuwa naziona bendera za baba zinapepea nyuma ya nyumba. Nicheke ukitaka. Mimi sicheki.

Waambie wazunguke. Zege linakunjika likiwa bichi.

Na Mai akae juu. Magoti yatamuuma, atakubembeleza umteremshe chumba cha chini. Kataa. Chini ni pa kuku na baiskeli ya Oma. Kidato cha ngazi kilichooza nitakitengeneza nikija sikukuu ya Phagwah.

Wako,
Lakeram


Vredelust
9 Novemba 1993

Baba Oma,

Wamezunguka! Laiti ungekuwepo. Dereva wa katapila ni kijana wa Berbice, mtu wa dini yetu. Alipofika penye bendera alizima injini, akashuka, akavua viatu kwenye matope, akagusa paji la uso. Msimamizi kamkaripia weee mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Kijana akamjibu, "Bosi, hiki kiti kikalie wewe basi." Nani akikalie? Msimamizi kawageukia vibarua, kila mmoja kainamisha kichwa anatafuta kitu chini. Hata wale wa kanisani. Anti Ismay ndiye aliyemaliza maneno: "Kitu kitakatifu ni kitakatifu, kiwe changu kiwe cha jirani. Pindisheni mtaro."

Basi wameupindisha. Unakuja umenyooka, ukifika kwetu unakata kona, unapita kati ya bendera na jiko la Anti, halafu unakata kona nyingine kurudi kwenye mstari wake. Hapo katikati ni mwembamba kidogo kwa kuwa nafasi ilibana. Nimewapikia wote dhal-puri na mchuzi wa boga, wamekula wamesimama.

Mai amebariki kazi kutoka dirishani kwake juu. Soksi umezivaa?

Mama Oma


Vredelust
10 Novemba 1993

Dada Jaso,

Huko New Amsterdam hamjambo? Mimi nakuandikia wewe kwa sababu kuna kitu ambacho huyu mwanaume siwezi kumwambia.

Mai hayuko juu. Analala chini tangu Agosti. Siku moja kidato kibovu kilimtelezesha, akakaa palepale kwenye ngazi, analia kama mtoto. Akasema yeye ngazi ile hapandi tena. "Mume wangu walimpandisha akiwa hai, akashuka kwenye sanduku. Mimi nitafia chini, naona kuku wangu." Na akaniapisha kwa kichwa cha Oma nisimwambie mwanawe, ataacha kazi aje. Kila barua naandika dirishani, juu, dirishani. 

Na jambo la pili. Msimamizi alipomaliza kula dhal-puri yangu alinivuta pembeni. Hakuwa na hasira. Akasema, "Mama, mimi nimepindisha kwa sababu sikuwa na mtu wa kuendesha katapila. Lakini maji yakija kwa kasi yakifika kwenye hiyo kona yatasimama. Takataka zitaziba pale kwenye wembamba. Mvua kubwa ikija, niite." Nikamuuliza nimwite wapi. Akaniambia mkataba wao unaisha mwezi huu.

Niambie nifanyeje.

Kowsilla


New Amsterdam
22 Novemba 1993

Kowsilla,

Sikukuzaa lakini nilikubeba mgongoni, kwa hiyo nisikilize. Mwandikie mumeo ukweli. Leo, si kesho. Kiapo cha kichwa cha Oma mimi nakivunja kwa niaba yako, dhambi iniangukie mimi, nina mabega mapana. Mwanaume anayedhani mama yake yuko juu mkavu atajibu kama mwanaume ambaye mama yake yuko juu mkavu.

Dada yako,
Jaso


Vredelust
17 Desemba 1993

Baba Oma,

Mvua imeanza tangu Jumamosi, haijapumua. Mtaro kule juu unakimbia vizuri, unafurahi kuutazama. Ukifika kwetu unakwama. Pale kwenye kona pamejaa makumbi ya nazi, chupa, godoro la mtu, na mbwa aliyevimba ambaye kila mtu anasema si wake. Tunavuta na reki, tukigeuka pamejaa tena. Maji yanapanda nyuma yetu, yanamwagikia kwa Anti Ismay, na kwetu yameingia chini ya nyumba. Kuku nimewapandisha kwenye meza. Choo kimeanza kurudisha.

Wanaume wa mtaani walikuja jana na majembe. Wanasema kikikatwa kile kipande cha udongo penye bendera, mtaro unanyooka, maji yanakwenda yenyewe mpaka koker. Ni kazi ya asubuhi moja. Lakini wamesimama pale, mvua inawapiga, wanatazama ile mianzi, hakuna aliyeinua jembe. Nimekwenda kwa pandit. Anasema aliyekaa kwenye puja ndiye mwenye neno, na baba mkwe hayupo, kwa hiyo ni wewe mwanawe.

Nakuomba, Baba Oma. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Toa ruhusa. Kuku wanakufa.

Mama Oma


Mto Puruni
2 Januari 1994

Mama Oma,

Kwa ajili ya kuku?

Nimeisoma barua yako mbele ya wenzangu nikaona aibu. Kuku wakifa tutafuga wengine. Choo kitazibuliwa. Vredelust imefurika tangu babu zetu walipoletwa kukata miwa, na haya maji hayajawahi kumfuata mtu aliyekaa juu. Mai yuko juu, Oma yuko juu, wewe uko juu. Kaeni hapo, pikeni wali mchanganyiko, subirini jua.

Juzi tumempata Orin. Sitaandika tulimpataje. Tumemzika ukingoni, na kesho yake nikarudishwa kwenye boti ileile, maporomoko yaleyale. Unajua kinachonipandisha kwenye ile boti? Usiniondolee.

Hata mwanzi mmoja. Nimemaliza.

Lakeram


Vredelust
5 Januari 1994

Baba Oma,

Jibu lako halijafika na siwezi kulingoja tena. Nakuandikia nikiwa nimesimama, daftari nimeliweka juu ya kabati, maji yako kiunoni.

Nimekudanganya. Mai hayuko juu. Yuko chini, kwenye chumba cha kuku, tangu Agosti. Ngazi ilimshinda, akaniapisha nisikwambie. Kila salamu ya dirishani ilikuwa uongo wangu.

Kitanda chake nimekiinua kwa matofali, halafu juu ya matofali nimeweka makreti ya soda, na sasa yeye yuko karibu na dari na maji yanalamba godoro. Anakataa kupanda. Nimemlilia, nimempigia magoti ndani ya maji. Jana mimi na Anti Ismay tulimshika kwa nguvu, tukamfikisha kwenye kidato kile kibovu, kikavunjika kabisa, tukaanguka wote watatu. Miguu yake imechubuka, vidonda vimeloa maji hayo hayo ya choo na ya yule mbwa. Anti hana pa kulala, jiko lake limezama mpaka kwenye kabati la vyombo, na bado anakuja kunisaidia kumgeuza mama yako. Hanilaumu. Bora angenilaumu.

Naogopa. Naogopa, Lakeram. Nimeandika jina lako, unisamehe, sina nguvu ya adabu leo. Sema ndiyo. Tuma kwa ndege, tuma kwa mtu yeyote, andika neno moja tu kwenye karatasi ya biskuti: ndiyo.

Kowsilla


Vredelust
13 Januari 1994

Baba Oma,

Barua yako ya kuku imefika jana mchana, Mai akanisikia ninavyopumua nikiisoma. Akasema, "Isome kwa sauti." Nikamsomea yote, mpaka hata mwanzi mmoja, mpaka nimemaliza.

 Halafu akauliza, "Pandit alisemaje? Nani mwenye neno?" Nikamwambia ni aliyekaa kwenye puja. Akasema, "Na mimi nilikuwa nimekaa wapi? Jikoni?"

Akaomba shela yake nyeupe. Baba Oma, mwanamke ambaye miezi mitano hajavuka mlango kwa hiari yake aliteremka kwenye yale makreti, akaingia majini mpaka kifuani. Mimi mkono mmoja, Anti Ismay mkono mwingine. Wanaume waliokuwa kwenye kona walipomwona wakavua kofia. Akaushika mwanzi wa kwanza, ule wa homa yako, akaufumbatia kama mtu anayemlaza mtoto. Sikusikia alichosema. Ulikuwa umeshaoza chini, ulitoka bila kubisha. Akauweka begani kwa Anti Ismay, "Shika, jirani, usiache uguse maji." Akashika wa pili. Mpaka wa saba. Wa saba, aliomshikia baba, huo ndio uliokataa. Alilia hapo. Akaupiga kofi, akauambia, "Na wewe umerithi kichwa cha yule mzee?" Watu wakacheka na machozi. Ukatoka.

Kisha akawaambia wanaume, "Haya, mnangoja nini, chai?"

Walichimba kama watu wanaofukua mtu aliye hai. Mzee Hoyte akaturushia habari kuwa bahari imekupwa na lango liko wazi, na udongo wa mwisho ulipobomoka maji yalipita na kishindo, yakamchukua yule mbwa, yakachukua godoro. Tulisimama tunayatazama yanavyokwenda. Jioni nikaona sakafu ya Anti. Alikuwa ameisahau rangi yake.

Ukitaka kukasirika, kasirika na mimi. Bendera ziko juu, zimefungwa kwenye shuka lako jeupe. Hazijagusa chini.

Mai ana homa kidogo tangu asubuhi. Anasema ni baridi tu.

Mama Oma


Vredelust
19 Januari 1994

Baba Oma,

Sijui nianze vipi, kwa hiyo naanza.

Mai hatunaye. Amekwenda jana, alfajiri. Daktari wa zahanati alisema ni maji machafu, yameingilia vidondani, macho yake yalikuwa ya manjano. Walitaka kumpeleka hospitali mjini, barabara ikawa bado imekatika. Tulimlaza chini, kwenye chumba chake. Kilikuwa kikavu kabisa. Anti Ismay alikipiga deki mwenyewe. Kuku wawili waliobaki walikuwa mlangoni, akawaona.

Hakukulaumu hata mara moja. Aliniambia, "Akija atataka kusimika mpya. Mwonyeshe mahali maji hayapiti." Nikamwambia utamwonyesha mwenyewe. Akanitazama vile anavyonitazama nikitia chumvi nyingi.

Hatukuweza kukungoja. Binamu yako Tularam ndiye aliyewasha moto wa mazishi ufukweni kwa niaba yako. Kuni zilikuwa mbichi, zilituhangaisha. Vijana wa kanisani kwa Anti walibomoa uzio wao wakaleta mbao kavu.

Mtaro unakwenda vizuri. Mvua ilinyesha juzi kutwa nzima, na uani hapakubaki hata dimbwi. Nautazama nashindwa kujua niuchukie au nifanyeje.

Njoo nyumbani.

Kowsilla


Gatini, Mto Puruni
20 Januari 1994

Mama Oma,

Nimepata barua yako ya tarehe tano leo, dakika hii. Ilikaa kwenye gunia la unga, mjinga mmoja aliisahau. Nampa rubani hii, mimi nashuka kwa boti sasa hivi, itafika kabla yangu.

Ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ng'oeni zote. Mwite yeyote mwenye jembe, mwambie Lakeram amesema. Ile barua niliyoandika mwanzo wa mwezi ichomeni, Mai asiione. Kama umeshamsomea, mwambie mwanao alikuwa mjinga, alikuwa amemzika rafiki yake, akawa anashikilia mwanzi kama mtu anayezama.

Kama hataki kupanda juu asipandishwe. Nitamjengea chumba cha chini, nitakiinua sakafu mpaka kiunoni mwa mtu, chenye mlango mpana wa kuku wake. Mbao nimeshaziwaza. Ngazi nayo nitaitengeneza, ila si kwa ajili yake, yeye asiiguse tena.

Puja nitakaa mwenyewe safari hii, bendera mpya, popote atakaponionyesha. Lakini lazima awe ubavuni pangu, maana maneno ya kati huwa nayasahau na yeye ndiye hunong'oneza. Mwambie aningoje. Mwambie asikasirike kuhusu maporomoko, tunayapita mchana, maji yamejaa, ni salama.

Wananiita. Mwambie soksi nimevaa.

Lakeram